Jani la Kutafunwa

Wapo watu ambao hadi leo wakinisikia nikilitaja jambo hili huniambia niliache, yamepita, halimfaidi mtu. Sitaliacha. Katika miaka ya tisini niliandika uongo mmoja kwa penseli kwenye fomu ya utafiti, na uongo huo nusura umvunjie jina mwanamke aliyenilea. Nikausahihisha mbele ya watu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimefanya mengi ya kipuuzi maishani, lakini hilo la kusahihisha silijutii hata chembe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuuliza. Kundi la watafiti lilikuja kukaa mjini Homa Bay kuchunguza dawa za miti zinazotumiwa na watu wa upande wetu wa ziwa, na kule Migori hadi karibu na mpaka wa Tanzania. Walitaka mtu aliyemaliza kidato cha nne, anayejua Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, na asiyelalamika akitembezwa juani. Mimi nilikuwa nimekaa nyumbani karibu na Kosele miaka miwili tangu nimalize shule, nikipalilia mahindi na viazi vitamu huku wenzangu wakiolewa mmoja mmoja. Nikachukuliwa niwe mkalimani na mjaza fomu. Nilipata begi la kitambaa, ubao wa kubania karatasi, na kichwa kilichovimba kuliko begi.

Kiongozi wetu tulimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Ukambani, mtaalamu wa mimea, mfupi, mwenye viatu vya wanaume na tabia ya kuchonga penseli kwa wembe kila alipokuwa akifikiri. Hakucheka ovyo wala hakukasirika ovyo. Alinifundisha kukausha majani katikati ya magazeti, kuandika mahali yalipokatwa, na kuuliza swali moja mara mbili kwa njia mbili. Nilimwogopa, na nilitaka sana anione mtu wa maana.

Fomu ilikuwa na sehemu iliyouliza dawa inatayarishwaje. Chini yake kulikuwa na visanduku vinne: kuchemshwa, kulowekwa, kusagwa, kuchomwa. Unatia alama kwenye kimoja. Baada ya hapo kulikuwa na mstari mmoja mtupu wa mambo mengine, mfupi hivi kwamba niliuona kama pambo.

Tulipofika eneo la kwetu, kila tuliyemuuliza alimtaja mtu mmoja, naye alikuwa mama yake baba yangu. Dana, ndivyo tunavyomwita bibi. Alikuwa nyamrerwa, yaani yule mwanamke ambaye akina mama humpelekea watoto wagonjwa na humwita siku ya kujifungua. Mimi mwenyewe alinipokea mikononi mwake, na mama yangu alipofariki nikiwa mchanga, alinilea. Alikuwa na dawa za mambo mengi, lakini iliyompa jina ni ile ya vidonda vya miguu, vile vidonda vya watoto wa shule ambavyo huanza kama mkwaruzo na kuishia kula nyama. Watoto walitoka hadi Oyugis wakichechemea na kurudi wakitembea. Nimewaona. Sikuhadithiwa.

Namna yake ya kufanya ilikuwa hivi. Aliosha kidonda kwa maji vuguvugu ya chumvi. Akaenda kwenye ua wa boma la ng'ombe, ambako kuna kichaka chenye majani ya kukwaruza, akachuma matano. Jina la kichaka hicho silitaji hapa, na anayetaka kunilazimisha ajaribu. Alisukutua kinywa mara tatu kwa maji ya mtungi. Kisha akayatafuna yale majani kwa magego, polepole, upande wa kulia, mpaka yakawa kama mboga iliyopondeka, akayatoa na kuyabandika juu ya kidonda na kukifunga kwa kitambaa kisafi.

Alikuwa na masharti. Hakutafuna dawa akiwa amekula. Na lililo kubwa zaidi: kinywa kilichogombana na mtu siku hiyo hakitafuni dawa. Kama asubuhi alikuwa amefokeana na jirani kwa ajili ya mbuzi aliyeingia shambani, mama aliyeleta mtoto alioshewa kidonda tu na kuambiwa arudi kesho. Hakuna aliyebisha. Nadhani ndiyo sababu majirani zetu walifunga mbuzi wao vizuri.

Alitafuna kwa magego kwa sababu meno sita ya mbele, ya chini, hakuwa nayo. Aling'olewa akiwa msichana, kama desturi ya Wajaluo ilivyokuwa enzi zake. Wasichana wa rika lake wote waling'olewa, na yeye alijisifu kwamba hakutoa sauti. Lakini mimi nilisoma shule ambayo tulifundishwa kuliita jambo hilo ushenzi, na darasani kulikuwa na watoto waliokunja mdomo wa chini kuwaigiza bibi zetu tukaangua kicheko. Nilicheka nao. Kwa hiyo siku Daktari alipoketi kwenye kigoda uani kwetu na penseli yake mpya, mimi nilikuwa nimeshaanza kuona haya kabla Dana hajafungua kinywa.

Dana alieleza yote kwa Dholuo, kwa utaratibu, kama mtu anayejua kazi yake. Alipofika kwenye kutafuna aligusa shavu la kulia kuonyesha ni wapi. Daktari akanigeukia.

"Anasema anasaga," nikasema. "Kwa jiwe."

Nikatia alama kwenye kisanduku cha tatu. Haikuchukua muda hata wa kupiga chafya. Sababu nilikuwa nazo tele. Kwanza haya. Pili, hiyo ndiyo miaka ambayo kila Jumamosi tulikuwa tukizika mtu, ugonjwa ule ukiwa umeingia kila boma, na watu walikuwa wanaogopa damu, wanaogopa mate, wanaogopa hata kikombe. Niliona Daktari ataandika kwamba bibi yangu anawatemea watoto wa watu mate kwenye vidonda. Niliona wageni wakicheka ndani ya gari. Sasa nasema wazi: sababu ya pili ilikuwa kweli, lakini ya kwanza ndiyo iliyoshika penseli.

Dana alinitazama kidogo, akaendelea na maelezo yake. Tulikata majani mfuko mzima, tukayatandaza kwenye magazeti, tukaondoka.

Miezi iliyofuata tulikuwa Migori. Huko ndiko nilikopata adhabu yangu ya kwanza, nayo ilitolewa na mzee mmoja Mkuria, mfugaji, aliyekuwa na dawa ya tumbo la watoto. Mzee huyo hakuhitaji mkalimani. Alimtazama Daktari usoni na kumwambia kwa Kiswahili chake kwamba mzizi wake haulowekwi kwa maji.

"Mimi naweka kwa mkojo ya ng'ombe," akasema. "Ile ndama haijazaa. Mkojo ya asubuhi."

Nikainamisha kichwa, nikingoja Daktari akunje pua. Daktari akachonga penseli.

"Mkojo wa kwanza kabisa, au hata ule wa baadaye?"

"Ya kwanza. Kabla haijakula nyasi."

"Inakaa siku ngapi?"

Akauliza mpaka alipotosheka, akaandika yote kwenye ule mstari mtupu, na mstari ulipojaa akageuza karatasi akaendelea nyuma. Hakucheka, wala ndani ya gari hatukucheka. Tuliporudi aliniambia tu kwamba mzee yule alikuwa shahidi mzuri, kwa kuwa haogopi kusema anachofanya. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma na magazeti magotini, na tangu dakika ile sikuwa na raha. Uongo wangu haukuwa umemkinga mtu yeyote. Daktari hakuwa yule niliyemwogopa, na mtu wa kuonewa haya katika gari lile nilikuwa mimi.

Ningesema siku hiyo hiyo. Sikusema. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo, na kila wiki ilikuwa vigumu zaidi kuliko iliyopita, kwa sababu sasa ilikuwa lazima pia nieleze kwa nini nilinyamaza.

Nyumba tuliyopanga Homa Bay ilikuwa na chumba cha nyuma kilichogeuzwa kuwa maabara ndogo. Majani yaliyokaushwa yalisagwa humo, yakalowekwa kwenye pombe kali ya maabara, yakachujwa. Kulikuwa na visahani vya kioo vyenye kitu laini kilichoganda, kama supu ya kwato iliyolala. Juu ya kitu hicho walipaka vijidudu walivyovitoa kwenye vidonda. Kisha waliweka vikaratasi vya duara vilivyochovywa kwenye dawa, na kisahani kikafungiwa usiku kucha katika kabati la joto. Asubuhi vijidudu vilikuwa vimejaa kote kama ukungu. Dawa ikiwa ina nguvu, karatasi inazungukwa na duara safi, mahali ambapo vijidudu vimeshindwa kuota. Dawa isiyo na nguvu haiachi duara. Nililipenda jaribio hilo kwa sababu halikuhitaji kuamini mtu. Ulihitaji macho tu.

Orodha ya matokeo ilipochapwa, niliitafuta dawa ya Dana kabla ya nyingine zote. Pembeni yake kulikuwa na kistari. Kistari kilimaanisha hakuna kitu.

Daktari alikuwa ameahidi tangu mwanzo kwamba matokeo yatarudishwa kwa wenyewe, eneo kwa eneo, katika mkutano. Wa kwetu ulipangwa kufanyika katika shule ya msingi karibu na Kosele baada ya wiki mbili. Naibu wa chifu alishapelekewa nakala, na alishasema jibu lake: dawa zenye kistari, akina mama wataambiwa hadharani waache kupoteza siku za watoto wao. Hakusema kwa ubaya. Angekuwa na haki kabisa kama karatasi ingekuwa ya kweli. Na mkalimani wa mkutano, mtu wa kusimama mbele ya kijiji kizima na kusema kwa Dholuo kwamba dawa ya mama yule haina kitu, nilikuwa mimi. Waswahili husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilitakiwa kumtukana mkunga aliyenipokea mimi mwenyewe, kwa karatasi niliyoiharibu mwenyewe.

Nikaenda nyumbani. Dana alikuwa kivulini mwa ghala akichambua maharagwe. Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: fomu, kisanduku, kistari, mkutano. Alichambua mpaka nilipomaliza.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Ulisema saga. Saga ni neno la posho mill, mashine ya unga, nalijua. Nikadhani una sababu yako ya kazi. Sasa niambie sababu."

Ningeweza kumpa ile ya pili, ile ya ugonjwa. Nikampa ya kwanza. Nilimwambia nilikionea haya kinywa chake.

Hapo alisimama. Katika maisha yangu yote sijafokewa vile, na sidhani nitafokewa tena. Alinikumbusha siku ya kung'olewa meno, chuma kilivyoingia na yeye alivyotazama kilima bila kupepesa. Aliniuliza kama nadhani shule ilinifundisha uvumilivu kuliko huo. Alinitajia watoto waliopona, kwa majina yao na ya mama zao, na akaniuliza ni nani kati yao alikuja na haya. Mwisho akapunguza sauti, na hapo ndipo palipouma.

"Ulipokuwa huna jino hata moja," akasema, "na mama yako amelala pale kaburini, ni kinywa gani kilichokutafunia viazi?"

Nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Aliporudi kwenye maharagwe yake nikamwomba twende naye Homa Bay kesho, atafune mbele ya Daktari, waone wenyewe.

Akaniambia kinywa chake kimegombana. Leo kimegombana, na kwa jinsi anavyonijua mimi, kesho bado kitakuwa kimegombana. Lakini mimi, akasema, nilikuwa nimenyamaza muda wote aliponifokea. Kinywa changu kilikuwa safi.

"Una meno yote, tena ya shule," akasema. "Tafuna wewe. Lakini ukimjibu mtu vibaya njiani, urudi. Usinitafunie uongo mara ya pili."

Kesho yake asubuhi nilichuma majani kabla jua halijapanda, nikayafunga katika kitambaa kilicholowa, nikabeba maji ya mtungi kwenye chupa, nikaondoka bila chai. Anayenijua atacheka hapa. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nina ulimi ambao hata mume wangu, tuliyeoana baadaye sana, huuita jirani wa tatu, kwa kelele zake. Siku hiyo nilikanyagwa mguu stendi nikasema pole mimi niliyekanyagwa. Kijana mmoja akaniuliza kwa Sheng kama nimebeba sukuma wiki ya boyfriend, nikatabasamu kama mtawa. Mlinzi wa lango letu, ambaye kila siku tulitupiana maneno, alinizuia nje kwa makusudi, akijifanya hanijui, akiuliza kitambulisho. Nikakitoa. Akashangaa hadi akaniuliza kama ninaumwa.

Daktari alikuwa akifunga masanduku. Nikamwambia nimekuja kuhusu dawa ya Kosele, kwamba fomu ina kosa. Akaniambia ripoti imeshachapwa na nakala zimeshatoka. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, nilikuwa nikifanya nini na kosa hilo miezi yote hii. Lilikuwa swali la haki, na nilikuwa na majibu mengi mdomoni, mengine ya kujitetea, mengine makali. Nikayameza.

"Naomba nitafune kwanza, Daktari," nikasema. "Nikimaliza unifokee, nami nitajibu."

Akanitazama. Akachukua wembe akaanza kuchonga penseli, nami nikajua amekubali.

Aliniuliza vilevile alivyomuuliza mzee wa Migori. Majani yamekatwa saa ngapi. Mangapi. Nimekula? Maji haya yametoka wapi? Nilipomwambia sharti la kutogombana sikujua atafanya nini nalo, lakini aliliandika, na akaniuliza kama nimelitimiza. Nikasema ndiyo, na kwamba mlinzi atathibitisha. Nikasukutua mara tatu. Daktari alichukua kwanza mate yangu matupu kwa kijiti, akayaweka kando. Kisha nikatafuna.

Sikuwahi kuyaonja majani yale. Ni machungu hivi kwamba masikio yanasinyaa. Nilitafuna upande wa kulia, kwa magego, macho yakinitoka machozi, nikatema ndani ya kibakuli cha maabara kama nilivyoona Dana akifanya tangu nina akili. Sikuona haya. Nasema hivi kwa sababu niliisubiri ile haya ije, na haikuja.

Daktari akagawanya kisahani sehemu nne kwa kalamu ya wino. Ya kwanza, mate matupu. Ya pili, yale ya zamani yaliyokaushwa. Ya tatu, niliyotafuna. Ya nne lilikuwa wazo lake mwenyewe: alichukua majani mabichi yaliyobaki akayaponda kwenye kinu kidogo cha kauri kwa maji vuguvugu, bila mate ya mtu. Akafunga kabati.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na duara mbili. Mate hayakuwa na kitu. Majani makavu hayakuwa na kitu, kama kistari kilivyosema. Lakini niliyotafuna yalikuwa na duara, na yaliyopondwa mabichi yalikuwa na duara ya ukubwa huohuo. Daktari alizipima kwa rula mara mbili. Alirudia jaribio lote kwa majani mengine siku iliyofuata na jingine baada ya hapo, nami nikatafuna tena na tena, nikila ugali jioni tu na kuwakwepa watu wote wenye kero.

"Nguvu iko kwenye ubichi," akaniambia mwishowe. "Tukikausha inapotea. Ungeandika kutafunwa, ningejua siku ileile. Hakuna mtu anayetafuna jani kavu."

Uongo wangu haukuwa umemficha Dana tu. Ulikuwa umeficha jambo pekee lililokuwa na maana katika dawa yenyewe.

Akasema pia mambo mawili ambayo nisingekuwa mkweli nikiyaacha. La kwanza, duara kwenye kisahani si kidonda kilichopona. Inaonyesha tu kwamba tuliuliza vibaya na kwamba inafaa kuuliza upya. La pili, kwa ugonjwa uliokuwepo, hawezi kumshauri mtu aendelee kuweka kinywa kwenye kidonda kilicho wazi, kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya Dana mwenyewe, na kwa kuwa kuponda kunatosha, Dana aponde. Hayo yote niliyakubali.

Nisichokubali kilikuja siku ya mkutano, asubuhi, tukiwa tunapanga karatasi katika ofisi ya mwalimu mkuu. Daktari alikuwa ameandika sentensi ya kusomwa: kwamba majaribio ya dawa namba fulani yalirudiwa na matokeo kurekebishwa. Basi. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyefanya kitu. Alinieleza kwamba anafanya hivyo kwa ajili yangu, kwa sababu mkalimani aliyekiri kudanganya kwenye fomu haajiriwi tena na mtu, na mradi wenyewe utatiliwa shaka.

Sasa kinywa changu kilikuwa huru, nikagombana. Nilimwambia sentensi hiyo ni kisanduku cha tatu kingine. Kila mtu aliyekaa nje ameshasikia kwamba dawa ya mama yule haina kitu. Wakisikia imerekebishwa, watasema mjukuu amemtengenezea bibi yake huko ofisini. Mficha uchi hazai. Kama jina la mtu litasafishwa, aliyelichafua atajwe. Nilisema hayo kwa sauti iliyomfanya mwalimu mkuu atoke nje kwa adabu. Daktari alisikiliza hadi mwisho, akaichana ile sentensi katikati, akaniambia nikaseme ninavyotaka, lakini fomu mpya ataijaza yeye.

Nilijua mkataba wangu hautaongezwa, na haukuongezwa.

Darasa lilijaa hadi madirishani. Naibu wa chifu alikuwa mbele na nakala yake mkononi. Dana aliketi kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, magoti juu, akiwa amevaa nguo yake ya kanisani. Hakuwa ameniambia neno la ziada tangu siku ya maharagwe, ila kwamba atakuja.

Nikasimama, nikasema kwa Dholuo na kisha kwa Kiswahili. Nilisema kwamba kistari walichokisikia ni changu mimi. Kwamba mama huyu hutafuna majani mabichi kwa magego, kila mmoja wenu anajua, na mimi niliandika anasaga kwa jiwe, kwa sababu nilikionea haya kinywa cha mwanamke aliyenitafunia chakula. Nilisema dawa ilipimwa upya kama anavyoifanya yeye, na nikaeleza duara, na nikaeleza kuponda badala ya kutafuna, na sababu yake. Kuna waliocheka waliposikia nimetafuna na kutema ofisini Homa Bay. Naibu wa chifu alikunja karatasi yake akaitia mfukoni, na hakuwaambia akina mama waache chochote.

Kisha Daktari akafungua fomu mpya na kumuuliza Dana, kupitia kwangu, kama atakubali kuponda. Dana akasema ataponda, lakini mkono uliompiga mtu siku hiyo hautashika mchi. Nikatafsiri, Daktari akaandika. Akauliza kama kuna jambo jingine ambalo mkalimani aliliacha.

Dana akafikiri. Akashika mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, akaushusha, akamgeukia Daktari, akawageukia watu wa upande wa dirisha, bila haraka, kila mtu aone pengo. Akauachia mdomo na kunitazama mimi.

"Mwambie ni sita," akasema.

"Anasema ni sita," nikasema, na nikangoja mpaka nilipoona Daktari ameiandika.